Jinsi Naftali wa Thamesmead Alivyoionja Rye ya Mwaka Ule

Njooni karibu, enyi mliokwisha kula na enyi mnaongoja sufuria ishuke. Zimeni redio, mtoto apewe kitu cha kutafuna, na mwenye haraka aende zake, kwa kuwa habari ninayoileta si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Nitanena juu ya Naftali mwana wa Kirimi, simba wa Thamesmead, kitongoji cha London, dereva wa basi asiyetishwa na mzunguko wa barabara wala na abiria wa Ijumaa, mwenye pua isiyodanganyika: jinsi alivyongoja, jinsi alivyopigana, jinsi alivyoficha akafichuliwa, na jinsi alivyoonja. Kama yupo malaika aliyekabidhiwa koo za wanadamu, na asimame nyuma yangu sasa.

Mwanzo wa mambo ulikuwa mvua. Naftali aliikimbia mvua hiyo akaingia katika duka moja la vinywaji huko Soho, katikati ya jiji, hana nia nyingine ila kukauka, na muuzaji akamtilia tone la bourbon, wiski ya mahindi ya Wamarekani, katika kikombe cha plastiki. Lo! Mtu aliyelelewa Meru kwa chai ya maziwa, ambaye pombe kwake ilikuwa bia ya harusini basi, alisimama katikati ya sakafu maji yakimchuruzika, akasahau alikokuwa akienda. Tangu siku hiyo alisoma, aliuliza, alinusa. Akazijua habari za rye, nafaka ya nchi za baridi iliyo ndugu ya ngano, ambayo wiski yake ni kavu na kali kuliko ile ya mahindi. Akalijua na lile lililo kuu kuliko yote: kwamba kila mwaka, Novemba ikifika, hutoka toleo maalumu la rye, mapipa machache yaliyolala gizani miaka mingi, na chupa zinazofika London ni haba kiasi kwamba wapenzi wake huamkiana kwa kutiliana shaka. Mwaka mzima wa 2006 Naftali aliingoja rye hiyo. Aliiwaza kwenye taa nyekundu, na mara moja aliiwaza hata kwenye taa ya kijani, na abiria wakamkumbusha.

Lakini kila shujaa ana ngome yake ya kuvunja, na ngome ya Naftali ilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ngome hiyo iliitwa Jedidah, mkewe, nesi wa wodi ya mifupa na nguzo ya kanisa, mwanamke mfupi kwa kimo na mrefu kwa kauli. Alikuwa amemwita sebuleni zamani, chupa ya kwanza ilipoonekana, akamhutubia.

"Baba Gakii," alimwambia, maana Gakii ndiye binti yao wa kwanza, "mimi sikukatazi. Kunywa huko nje na marafiki zako, wewe ni mtu mzima. Lakini kwa hii nyumba watu wa Mungu wanakuja kuomba. Chupa ya pombe isikanyage hapa. Tumeelewana?"

Naftali akaweka mkono kifuani. "Mama Gakii, mbele ya hii carpet tuliyonunua pamoja, naapa. Chupa ya pombe haitakanyaga hapa."

Na alikuwa mtu wa kushika neno. Zingatieni tu neno lenyewe lilivyokuwa.

Basi Novemba ikaja na ukungu wake, na siku ya vita ikapambazuka mbele ya duka la Soho. Walikuwapo wazee wa foleni na viti vyao vya kukunja na chupa zao za chai. Walikuwapo vijana wa kununua ili kuuza tena, watu wasioonja chochote, Mungu awasamehe. Naftali alisimama miongoni mwao katika koti lake la kazi, miguu ikifa ganzi, moyo ukiwaka. Saa ya mlango kufunguliwa ilipokaribia, bwana mmoja mwenye koti lililopakwa nta na skafu ya hariri alitokea pembeni, akajipenyeza mbele yake kana kwamba Naftali ni nguzo ya taa. Ndipo simba wa Thamesmead aliponguruma: "Ewe mpita njia za mkato, ewe uliyelala kitandani huku wenzako wakiganda, rudi nyuma kabla ghadhabu ya wenye subira haijakushukia!" Kwa Kiingereza, ni kweli, alisema tu, "Sorry, mate, there's a queue." Lakini bwana yule alirudi nyuma, na wazee wa viti wakamtikisia vichwa vyao vyeupe kwa heshima.

Chupa aliyopewa ilikuwa ya mwisho. Muuzaji, kwa ukarimu wake, akawafungulia washindi chupa aliyokuwa amejiwekea mwenyewe, waonje papo hapo. Na Naftali akakataa! Alikataa kwa sababu zamu yake ilianza mchana, na dereva wa basi hapulizi harufu ya wiski juu ya abiria wake. Akakataa pia kwa sababu alitaka kuionja kwa taratibu zake, glasi safi, kiti kimoja, kimya, na tone la maji kutoka kwenye kijiko. Kumbukeni kukataa huko, maana baadaye alikulilia sana.

Pale depo ya mabasi alifanya hila ambayo majemadari wa kale wangeionea wivu. Alitoa mkobani chupa tupu ya mafuta ya zeituni, ya kioo cha kijani kibichi, aliyoiosha kwa maji moto mara nyingi, akaimiminia rye yote bila kumwaga hata tone. Chupa ya pombe, na lebo yake ya kupendeza, ikabaki ndani ya kabati lake la kazini. Jioni aliingia nyumbani na chupa ya mafuta, akaitia katika kabati la juu kabisa la jikoni, nyuma ya pakiti ya unga wa ugali, mahali ambapo mkono wa Jedidah haufiki. Kiapo kilikuwa kizima kama yai.

Jumamosi Jedidah alikuwa na ibada ya ushirika katika ukumbi wa shule waliokuwa wakiukodi. Naftali aliibusu saa, akaifuta glasi, akakaa kungoja mlango ufungwe. Badala yake ikalia simu. Mitambo ya joto ya ukumbi ilikuwa imekufa, watu wanaganda, na je, si wangeweza kuja kwa Mama Gakii? Kabla glasi haijarudi kabatini, sebule ilikuwa imejaa makoti, viatu na haleluya.

Alikuja Pasta Magloire wa Bukavu, mfagia ofisi siku za kazi na mfagia roho wikendi. Akaja Zéphyrin wa Goma, mrefu hata akaingia kwa kuinama. Akaja Mama Émilienne, jirani wa ghorofa ya tatu, mjane ambaye goti lake lilikuwa limegombana na ngazi tangu lifti iharibike, akisukumwa nyuma na mmoja na kuvutwa mbele na mwingine. Waliimba, waliomba, na wakati wa kupaka wagonjwa mafuta ukawadia.

Pasta akajipapasa mifuko. "Mama Gakii, mafuta yangu nimesahau ku Hounslow, mu motokari ya muntu. Hapa mafuta ya zeituni iko?"

"Itakosa aje, Pasta!" Jedidah alisema. "Brother Zéphyrin, wewe ni mrefu, hebu angalia kabati ya juu."

Naftali alitaka kuinuka, lakini sofa ilikuwa imebanwa na waumini pande zote. Alisikia kabati likifunguliwa, pakiti ya unga ikisogezwa, kifuniko kikizungushwa. Kisha pua ikivuta hewa, mara mbili. Zéphyrin alitokea mlangoni ameishika chupa kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona mambo.

"Papa Gakii," aliuliza polepole, "ni hii?"

Hapo, enyi wasikilizaji, ndipo vita halisi ilipopiganwa, na uwanja wake ulikuwa kifua cha mtu mmoja. Akisema ukweli, anamvua mkewe nguo mbele ya kanisa zima, nyumba ya maombi yenye wiski nyuma ya unga. Akinyamaza, mwaka wake wote wa kungoja unakwenda kukauka juu ya vipaji vya nyuso. Alimtazama Jedidah, aliyekuwa akitabasamu kwa fahari kwamba nyumbani kwake hakikosekani kitu. Naftali alimpenda mwanamke yule, na ilimuuma.

"Ni hiyo," akasema.

Pasta Magloire akamimina kiganjani. "Mafuta ya huku iko nyepesi sana!"

"Ni extra virgin, Pasta, ile safi kabisa," Jedidah alijibu.

Ikaanza kumwagika hazina ile. Paji kwa paji, bega kwa bega, mgongo kwa mgongo, na kila aliyepakwa alishtuka, kwanza kwa baridi, halafu kwa moto. Chumba kikajaa harufu ya mbao tamu na pilipili. Goti la Mama Émilienne lilipewa kiganja kizima, likasuguliwa, na mama akapiga yowe: "Yesu wangu! Inaunguza! Inaunguza muzuri!" Watu wakalipuka kwa shangwe. Zéphyrin alipanga foleni, akapakwa, akazunguka nyuma ya sofa, akapanga tena.

"Ndugu, weye nimekwisha kukupaka," Pasta alimwambia.

"Pasta, shida yangu iko mingi."

Mwishowe Pasta akamfikia mwenye nyumba. Akamimina bila ubahili, akampaka Naftali utosini, na rye ikashuka. Ilipita kwenye paji, ikafuata mfereji wa pua, ikasitasita kwenye ncha, ikaanguka juu ya mdomo wa juu. Naftali akafumba macho. Akatoa ulimi.

Naam, alionja. Alikutana na pilipili manga, kisha ganda la mkate uliotoka tanuri, kisha sukari iliyoungua kidogo chini ya sufuria, na nyuma ya hayo yote ladha ikabaki, ikakaa, ikakataa kuondoka. Machozi yakamtoka waziwazi. "Ndefu," alinong'ona. "Ndefu sana."

"Ndiyo, safari ni murefu, ndugu yangu," Pasta alimwambia, naye akilia. "Lakini utafika."

Jedidah akamfuta mumewe uso kwa kitambaa. Kisha, kwa mazoea ya nesi, akakinusa kitambaa. Alimtazama Naftali mara moja tu, akaenda kuchemsha chai. Naftali alikunywa chai ile kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu, na ilikuwa chai ya tangawizi, nzuri mno, wala hakuionja.

Wageni walipoondoka, Jedidah alifunga mlango.

"Uliniapia nini?"

"Kwamba chupa ya pombe haitakanyaga hapa. Na hiyo, Mama Gakii, ni chupa ya ma..."

"Usinichezee." Alikaa. "Nimesimama mbele ya watu nikajisifu na extra virgin. Si ungeniambia tu? Uliogopa nini?"

"Niliogopa utaimwaga kwa sinki."

"Na sasa imeenda wapi?"

Naftali aliona haya, haya ya kweli. Jedidah akaiinua chupa kwenye mwanga. Ilikuwa imebaki nusu, na moyo wa shujaa ukaruka.

"Hii ni ya goti," Jedidah alisema. "Utaipeleka wewe mwenyewe, saa hii. Na utamwambia Mama Émilienne ni nini, kwa mdomo wako."

Simba wa Thamesmead akapanda ngazi. Akasimama mbele ya mjane, chupa mkononi, akakiri yote. Mama Émilienne alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mutoto yangu, bwana yangu alikunywa wiski miaka yote ya ndoa. Harufu ile nisiijue?" Akanyoosha mguu. "Miye sinywake pombe. Pakaa tu."

Akapaka. Kila Jumamosi alipanda akapaka, mpaka chupa ikakauka.

Basi iandikwe, na wanaoandika waandike kwa wino mweusi: mwaka ule mabingwa wa London waliinywa rye ile katika glasi za shingo nyembamba, wakabishana juu yake hadi Pasaka. Naftali mwana wa Kirimi alipata tone moja, lililopitia puani, na mpaka leo ukimuuliza pale depo atavua kofia kwanza ndipo akujibu: pilipili, mkate, sukari iliyoungua, na kwa mbali kabisa, zeituni. Nusu ya toleo lake ilinywewa na goti. Na siku ya Krismasi goti lile lilishuka ngazi zote kutoka ghorofa ya tatu, bila kushikwa mkono, likaja kula pilau kwa Jedidah.