Jicho la Kushoto la Refa Masha

Jumamosi, 6 Septemba 1947

Tumefungwa moja bila na Wapakizi wa Shimanzi, mchezo wa mwisho kabla ya nusu fainali. Nasema Wapakizi kwa kuwa ndivyo itakavyoandikwa. Aliyetufunga ni refa.

Nayaweka hapa kabla watu hawajayapinda. Kipindi cha kwanza, Dzoro, beki wao wa kulia, yule aliyerudi vitani na buti za jeshi, aliudaka mpira kwa mikono miwili mbele ya goli lao. Aliudaka kama mtu apokeaye nazi iliyorushwa. Kiwanja kizima kiliona. Refa Masha alikuwa karibu naye kabisa. Akaashiria mpira uendelee. Kipindi cha pili mpira ukamgonga Jamaldin wetu kwenye kiwiko, naye amegeuka, hata hakuuona ukija. Kipenga. Penalti. Goli.

Sheria moja, refa mmoja, jioni moja. Hukumu mbili.

Mimi ndiye katibu wa Nyota ya Kuze. Nauza taa, tambi na vioo vya taa, lakini kesho hakuna atakayekuja dukani kuuliza taa. Watauliza mpira.

Abdulghafur, ndugu mdogo wa mke wangu, winga wetu wa kulia, alimpa Masha mkono mchezo ulipokwisha. Nikamuuliza anampongeza kwa lipi. Akasema mtu hukosea. Kijana huyu ana miguu ambayo hakuna mwingine aliye nayo Mombasa nzima. Akili ya mpira hana kabisa.

Jumapili, 7 Septemba

Nimekwenda kushtaki kwa Bwana Mung'aro, mwenyekiti wa kamati ya ligi. Alinipa kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nilikuja kushtaki pia mwezi uliopita, Masha alipotupa goli la kuotea. Nikamwambia lile ni jambo jingine. Akasema Masha anachezesha bure tangu kabla ya vita, na kama nina mtu mwingine nimlete.

Sina mtu mwingine. Hilo ndilo linalompa Masha kiburi.

Mwanaesha, mke wangu, amesema ningeipenda nyumba yangu nusu ya ninavyoipenda ligi, paa lisingevuja. Nikasogeza ndoo. Lilikuwa linavuja wakati huo.

Jumatano, 10 Septemba

Nilifunga duka mapema nikaenda kutazama wazungu wakicheza mpira wao wa mikono, ule wenye umbo la papai. Mabaharia wa manowari na wazungu wa mjini. Nilisimama nje ya ua pamoja na madereva. Nilitaka kuona refa wao anavyofanya kazi.

Anafanya kama Masha. Mtu alimkumbatia mwenzake shingoni wakaanguka wote wawili, refa akapiga kipenga. Baada ya kitambo mwingine akafanya vile vile, refa akatazama mawingu. Lililonishangaza ni kwamba hakuna aliyelalamika. Aliyeangushwa aliinuka akiwa anatoka damu puani, na mwisho wa mchezo akaenda kumpa refa mkono.

Nimelifikiri hili njia nzima. Haiwezekani mtu adhulumiwe kisha ashukuru. Lazima refa wanamtunza. Wanamkirimu, wanamwita kwao, anakula, anakunywa. Sisi tumemtukana Masha miaka yote hii, hatujampelekea hata sahani ya kaimati.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya sala nimekwenda Mbaraki kwa Masha. Nimechukua taa ya mezani, nzuri, yenye kioo cha rangi ya waridi. Zawadi tu. Hakuna sheria inayokataza zawadi.

Nilimkuta barazani anamenya muhogo. Nikapiga hodi nikiwa upande wake wa kushoto, hatua chache tu kutoka kwake. Akageuka akatazama kulia, akauliza ni nani. Nikadhani ni kiburi. Nikaiweka taa kwenye kigoda kando yake, tukazungumza habari za kazi; yeye husoma mizani kwenye ghala moja bandarini. Alipoinuka kunimiminia kahawa, mkono wake ukaipiga taa ikaanguka. Kioo kikavunjika vipande vipande.

Sidi, mkewe, alikuja na ufagio. Alisema pole pole, bila lawama, kwamba kila kikaacho upande ule, mumewe hukivunja. Juzi mtungi. Kabla yake kikombe.

Masha aliketi tena. Kisha akaniambia. Jicho la kushoto limeingia ukungu tangu mvua za masika. Akitazama mbele, kilicho kushoto kwake hakipo, mpaka ageuze shingo yote. Bwana mkubwa wa ghala akijua atamtoa kwenye mizani, na kwa umri wake hakuna atakayempa kazi nyingine. Kipenga atakiweka chini msimu ukiisha. Alitaka tu kuimaliza fainali, maana watu wakimwona ameacha katikati watauliza kwa nini.

Akanishika mkono. "Bwana Badawi, hili libaki baina yangu na wewe."

Nikamwapia. Nilisikitika kweli. Nilisikitika mpaka nikafika Marikiti. Pale nikasimama ghafla katikati ya njia, hamali mwenye gunia la vitunguu akanitukana nimpishe. Nilikuwa nimefahamu. Yule hapendelei mtu. Yule ana upande.

Jumamosi, 13 Septemba

Nusu fainali na watu wa Majengo. Nimewaambia vijana jambo moja tu: tukishambulia, refa hutazama goli lao, kwa hiyo mambo yote yafanyike winga ya kushoto. Vuteni shati. Sukumeni. Hakuna atakayewauliza.

Waliniuliza nimejuaje. Nikasema mimi ni katibu.

Tumeshinda mbili bila. Goli la kwanza, Gunga, winga wetu wa kushoto, alimkalisha beki wao chini kwa kiwiko, kipenga kimya. Goli la pili mpira ulikuwa umeshatoka nje ya mstari. Kipenga kimya. Majengo walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Niliwaonea huruma. Niliwaambia mtu hukosea.

Kiapo sijakivunja. Sikutaja jicho. Nimetaja upande.

Jumanne, 16 Septemba

Fainali ni Jumamosi, na Wapakizi tena. Nimepanga timu. Abdulghafur atahama kutoka kulia aende kushoto. Gunga ana kiwiko kizuri lakini hana mbio. Nataka mbio zipite mahali pasipoonekana.

Abdulghafur alikataa. Alisema amezoea kulia, na beki atakayemkabili kushoto ni Dzoro na buti zake. Kisha akanitazama, akasema kama Mzee Masha haoni vizuri, aambiwe apumzike, si watu wamchezee. Sijui amejuaje. Labda ametumia akili. Nikamwambia tutamwambia kombe likishapatikana. Nikamwambia pia kwamba mtu anayeoa mwezi ujao hapaswi kumvunjia heshima mume wa dada yake. Hapo akainamisha kichwa, akakubali.

Anamwoa Swabaha, binti wa Bi Mwanakuu wa Kibokoni. Kanzu imeshashonwa. Mwanaesha ameniomba nimwache kijana acheze alipozoea, au asicheze kabisa, harusi iko mlangoni. Nikamwambia harusi yenye kombe ni bora kuliko harusi tupu.

Jumamosi, 20 Septemba

Siwezi kuandika mengi.

Wapakizi walikuwa wanajua. Gunga hufanya kazi godauni moja na wao, Shimanzi, na wiki nzima alikuwa akijigamba kwamba winga ya kushoto ni yetu, hata tukimzika mtu pale refa hatafukua. Ndivyo alivyosema. Kumbe nao wamekaa wakafikiri. Tukishambulia kushoto, beki wao wa kulia naye haonekani.

Mara ya kwanza Abdulghafur aliposhika mpira, Dzoro alimkanyaga kidole. Kimya. Mara ya pili alimpiga goti la paja. Kimya. Abdulghafur alikuja mstarini akiwa anachechemea, akaniomba arudi kulia. Nikamwambia avumilie, goli li karibu. Akarudi.

Mara ya tatu alimpita Dzoro. Alimpita kabisa, mpira uko mbele yake, goli liko wazi. Dzoro akaja kwa nyuma na buti zote mbili. Mlio ule niliusikia nikiwa mstarini. Nilidhani ni mlingoti wa goli.

Masha alikuwa anatazama mbele, anangoja mpira utokee. Hakupiga kipenga. Wachezaji waliendelea, na mmoja wao, sijui wa timu gani, alipita juu ya mguu ule. Wakati huo ndipo Abdulghafur alipolia. Masha alisikia kilio, akageuza shingo, akaona. Alikitoa kipenga kinywani, akakimbia, akapiga magoti mchangani, akamshika kijana kichwa.

Mchezo ulivunjika. Kombe halikupewa mtu.

Jumapili, 21 Septemba

Hospitali. Mfupa umevunjika chini ya goti mahali pawili, ncha moja imetoka nje. Daktari anasema akinusurika na usaha atabaki na mguu, lakini utakuwa mfupi kuliko mwenzake. Abdulghafur ni tarishi. Kazi yake ni baiskeli, kutwa, kutoka ofisi hii hadi ofisi ile.

Nilimwambia Mwanaesha kwamba refa asiyeona ni hatari kwa umma. Alikuwa anamkanda ndugu yake paji la uso kwa kitambaa cha maji. Hakugeuka.

"Ulijua," akasema. "Ulijua na ukamweka pale."

Nikamweleza kuhusu mbio na kiwiko cha Gunga. Akaniomba nitoke nje. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, kwa kuwa chumba kilikuwa na wagonjwa wengine.

Usiku huu amelala kwa mama yake.

Jumanne, 23 Septemba

Kamati imekutana. Nilijua watatafuta wa kumlaumu, na vijana wameanza kusema maneno huko Kuze. Kwa hiyo nilisimama wa kwanza. Nikasema Refa Masha ni kipofu wa jicho la kushoto, amelificha, na mfupa wa Abdulghafur uko juu yake.

Kiapo? Kiapo ni cha mambo ya amani. Mtu akishavunjika mguu, hali inabadilika.

Masha alikuwapo. Hakukana. Aliniuliza jambo moja tu, kwa upole. "Uliwaambia vijana?"

Nikasema swali hilo haliko mbele ya kamati.

Masha akavua kamba ya kipenga shingoni, akataka kukiweka mezani, akakosa meza. Kikaanguka chini. Bwana Mung'aro mwenyewe ndiye aliyeinama kukiokota. Nilisubiri mtu anipongeze kwa ujasiri. Labda walikuwa wamechoka. Kikao kilikuwa kirefu.

Ijumaa, 26 Septemba

Habari zimefika ghalani. Masha ametolewa kwenye mizani. Sidi amekuja dukani asubuhi na ile taa isiyo na kioo. Ameiweka juu ya meza, akasema mumewe ameagiza irudi kwa mwenyewe. Alikataa kuketi. Nimeifuta vumbi. Ikipata kioo kipya itauzika.

Adhuhuri mjumbe wa Bi Mwanakuu amekuja. Harusi imesimama mpaka ijulikane kijana atatembeaje. Mjumbe alisema Swabaha ameapa kwamba atangoja, lakini mama yake hasikii. Niliahidi kwenda kuzungumza naye. Mjumbe akanisihi nisiende.

Kuze watu hawanijibu salamu vizuri. Wanasema "alaikum" kisha wanatazama miguu yangu. Gunga ameacha mpira. Wivu umeenea sana mjini humu.

Jumapili, 28 Septemba

Mambo yamegeuka kuwa mema.

Ligi haina refa. Bwana Mung'aro amezunguka kwa kila mtu, Majengo, Bondeni, Shimanzi, na kila mtu amekataa. Wanasema hawataki kuwa Masha wa pili. Jana amekuja dukani, amesimama mlangoni bila kuingia, akaniuliza kama kweli nazijua sheria. Nikamwambia nazijua kuliko nizijuavyo tambi. Akaweka kipenga juu ya meza akaondoka, hata sikuwahi kumshukuru. Nimekijaribu. Kinalia vizuri. Macho yangu ni mazima yote mawili, na watu wa Kuze nawajua tabia zao kwa undani, jambo ambalo refa wa nje hawezi kulijua. Nitajua nani ameshika kwa makusudi na nani ameshika kwa bahati mbaya.

Leo nimekwenda kumpa Abdulghafur habari hii kabla hajaisikia kwa watu. Mwanaesha aliponiona akatoka nje. Kijana amekonda. Mguu umefungwa ubao, na chumba kina harufu nisiyoipenda. Nikaketi kitandani nikamweleza yote. Nikamwambia pia kwamba sikumsahau: nimemtengea kazi ya kushika kibendera mstarini. Kazi ya heshima. Haihitaji mbio, anaweza kuifanya na gongo lake. Na akiwa pale, nikamwambia, tukielewana mimi na yeye kwa ishara ndogo tu, Nyota haitafungwa tena milele.

Kibendera nilikuwa nimekuja nacho. Chekundu, kipya, nimekishona mwenyewe. Nikakiweka mkononi mwake.

Alikitazama. Kisha akafungua vidole kikaanguka, akageukia ukutani. Aligeuka kwa taabu, kwa sababu ya ule ubao. Nikamwuliza kama amefurahi, akasema, "Nenda nyumbani, shemeji."

Ni zile dawa, zinaleta usingizi. Nimekisukuma kibendera chini ya kitanda, mahali atakapokiona akiamka.