Kona ya Wamagana na Safari Yangu ya Arusha

Jumatatu, 4 Machi 1974
Mkubwa wetu wa ofisi ya barabara, Bwana Ogutu, aliniita ofisini. Nikajua ni uhamisho, Mandera, kule jangwani! Kumbe ni jedwali. Kenya, Uganda na Tanzania zitalinganishwa: ni nani anaumiza watu wachache barabarani kwa kila magari elfu. Hesabu ya wilaya yetu niipeleke Ijumaa. Ikipendeza, nitaenda Arusha mwezi ujao kuisoma mbele ya wageni. Ikitia aibu, nitajieleza. Arusha! Mimi Kingori sijafika hata Namanga mpakani. Munyao, karani mwenzangu, amesema nikishindwa yeye yuko tayari, ati suti yake ameshaipiga pasi. Roho mbaya tu.

Jumanne, 5 Machi
Hesabu ni mbaya! Magari machache, majeruhi wengi, na nusu yao wameumia kona moja: Wamagana, pale karibu na kwangu. Kisha nikapata akili. Majeruhi hawapungui, basi magari yaongezeke! Nikashuka mtaa wa Majengo nikahesabu kila kitu chenye gurudumu: mikokoteni, baiskeli, wilbaro. Mia nne na kumi na mbili! Munyao akasoma, akaniuliza kwa upole: kama mkokoteni ni gari, aliyekanyagwa na mkokoteni tumwandike wapi? Mdomo wake hauna mlango. Kufika saa nane Mama Kabura muuza ndizi alikuwa mlangoni na wenzake kumi na mmoja, kila mmoja amevua kiatu anionyeshe kidole kilichokanyagwa na mkokoteni. Nimefuta yote.

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu Watiri ameanza tena: niwaambie watu wa ofisi waweke vyuma vya kukinga ile kona. Hupita pale kila asubuhi na mtungi wa maziwa. Juzi lori lilimpitia karibu mpaka kitambaa cha kichwa kikaruka. Nikamwambia aniache, nafikiria mambo ya mataifa.

Halafu, njiani, nikaona mwanga. Magari ya kona ile hayaumizi mtu barabarani! Yanaruka mtaro, yanatua kwenye kahawa ya Mzee Wahome. Mifupa inavunjikia huko. Basi hiyo ni ajali ya shambani! Nimehamisha watu kumi na tisa, nikawapeleka kwenye hesabu ya idara ya Kilimo.

Ijumaa, 8 Machi
Bwana Ogutu amenipa mkono! Amesema hata huko Ulaya jedwali safi hivi ni adimu. Arusha ni yangu. Munyao amekunywa chai yake, akarudi kwenye mafaili.

Jambo moja. Vyuma vya kukinga kona vimefika, seti moja, na vinapelekwa kwenye kona mbaya zaidi. Nikauliza kwa sauti ndogo kuhusu Wamagana. Bwana Ogutu akashangaa: Wamagana kuna shida gani, wakati jedwali langu mwenyewe halionyeshi shida yoyote? Watiri nitamwambia baadaye. Kesho nachukua suti kwa fundi, na nitarudi nyumbani nimeivaa.

Jumapili, 10 Machi
Naandika kitandani, hospitalini. Jana nilikuwa nateremka kwa baiskeli, suti mpya, tai. Pale kwenye kona, lori. Na mbele ya lori, Watiri na mtungi wake! Aliruka upande wa juu, mimi nikaruka upande wa kahawa. Maziwa yote yalimwagika. Yeye hana hata mkwaruzo, Ngai ashukuriwe. Mimi, mguu umevunjika mahali pawili. Nililia kama mtoto, na si kwa sababu ya mguu. Nikamwapia kwamba Jumatatu nitarekebisha jedwali.

Leo Munyao amekuja na machungwa. Akasema kwa upole wake kwamba seti ya vyuma bado iko stoo. Nikiandikwa ajali ya barabarani, na wale kumi na tisa wakirudishwa, vyuma vitakuja Wamagana. Ila Arusha, hapana. Watiri ameketi hapa, ananitazama.

Sista Keziah akaja na fomu, akauliza niliumia vipi. Nikafikiria kona. Nikafikiria Watiri. Nikafikiria na Arusha, kwamba magongo nayo yana heshima yake mbele ya wageni.

Nikamwambia aandike nilikuwa nachuma kahawa. Akauliza: kwa suti na tai? Nikamwambia aandike, mkulima nadhifu.

Watiri amechukua machungwa yote, ameenda zake.