Ombi ya Kuvunja Ndoa ya Huguette kwa Siku Ine, Juu ya Courant ya Jiko

Hewa Bora, tarehe 9 mwezi wa tano

Kwa Mujomba Chishimba,
Mukubwa wa jamaa, kule Lukafu

Concerne: kuvunja ndoa ya yaya Huguette, dada yangu mukubwa, siku ine tu

Mujomba mwenye heshima,

Ni mie Plamedie, mutoto wa pili wa dada yenu Chilufya, ule mwenye mulisemaka anasalimia vidole ya miguu ya bantu, juu naangaliaka chini. Sijue kusema. Hata mu klasi, mwalimu akiniita, jibu inaanza mu Kifransa, inajaribu Kiswahili, kiisha inabaki mu koo. Lakini mu barua niko jasiri. Naomba musome mpaka mwisho mbele ya kukasirika.

Mambo iko hivi. Mu mwezi wa pili Papa aliita fundi wa courant, ule wa umeme, toka Kamalondo, jina yake Mardochée, abadilishe nyaya yote ya nyumba. Yetu ilikuwa ya zamani, ukiigusa inavunjika sawa biskuti. Mardochée ni fundi wa kweli: anapima ukuta na crayon, hapige kelele, haombe bière. Siku ya tatu, Huguette akaanza kumuletea maji. Siku ya tano, maji ilikuwa na sukari. Siku ya kumi, Mardochée akatuma bazee wake, na ninyi mukashuka toka Lukafu, mukakula mbuzi, mukasema ndiyo. Tulicheza bote. Hakuna mwenye aliuliza kazi ya jiko imefika wapi.

Juu toka siku ile Mardochée si fundi tena, ni mukwe. Na mukwe, munajua kunipita, haingie mu jiko ya mama-mukwe, hamuangalie mu macho, mpaka mukubwa wa jamaa akuje mwenyewe kumuingiza na desturi yake. Mukubwa wa jamaa ni ninyi. Na ninyi mulisema mu telefone: « Nitakuja nikimaliza kuvuna mahindi. »

Basi nalalamika, na heshima yote:

1. Salon, koridoo na baraza vinawaka sawa hôtel. Choo ya inje iko na ampoule mbili, sijue ya pili ni ya kusoma nini. Lakini jiko! Nyaya tatu mupya zinatoka mu ukuta pa mulango wa jiko na zinasimama pale pale, sawa wageni wenye hawajaambiwa karibu. Ndani tumebaki na ile ya zamani.

2. Ile ya zamani inapita nyuma ya frigo, na frigo inapiga. Inapiga Mama, juu Mama njo anaifungua. Juma tano ilimupiga mpaka sahani ikaanguka, na mpaka jioni mukono wake wa kuume haukushika kisu. Alikata mboga na mukono wa kushoto na akatuambia ni baridi. Sasa anavaa sapato ya plastiki ya Papa mbele ya kutoa nyanya. Nimetafuta mu kitabu ya physique, Mujomba. Hakuna mahali imeandikwa kama courant inaheshimu mama-mukwe.

3. Nilimuomba Papa aite fundi mwingine. Nilimuandikia kikaratasi, nikakiweka chini ya sahani yake. Yeye alijibu na sauti, jirani bote bakasikia: « Fundi mwingine? Mie niko na mukwe fundi! Unataka baseme simuamini? » Kwa hiyo hatuwezi kuita fundi juu tuko naye, na mwenye tuko naye hawezi kuingia juu ni wetu. Kiisha Papa akaomba maji ya baridi. Mama akaenda kuyatoa mu frigo.

4. Kila jioni Mardochée anakuja kusimama inje ya dirisha ya jiko, mugongo kwetu, na anasemesha muti ya mapera: « Bamuambie Mama azime coffret mbele ya kugusa frigo. » Coffret ni lile sanduku ya kuzimia courant ya nyumba yote. Mama naye anajibu sufuria: « Bamuambie mukwe, nikizima, Papa anakosa match ya mpira. » Bamuambie, bamuambie: muntu wa kuambia ni mie! Mu wiki mbili nimesema kupita mwaka muzima. Koo inaniuma.

Juu ya hayo, naomba hivi.

Muvunje ndoa, toka juma tatu mpaka alhamisi. Mardochée atarudia kuwa muntu wa inje, ataingia, atamaliza jiko, na mutamurudishia Huguette muzima. Najua mbuzi haiwezi kurudishwa. Tutasema muliionja tu.

Kama haiwezekani, mutangaze kama Huguette hakuzaliwa na Mama. Siku ine tu. Azaliwe na mama mwingine mwenye hana jiko.

Kama hata ile haiwezekani, basi muweke sheria mu jamaa: musichana wetu aolewe na fundi mubaya, na mafundi bazuri babaki wageni. Mie mwenyewe niko musichana wa nyumba hii, na paa inavuja upande wa chumba ya Mama. Naapa mbele yenu: fundi wa paa hatapata kwangu hata glasi moja ya maji mpaka amalize.

Heshima ni kintu kizuri, Mujomba. Lakini naona heshima yenyewe inasimama inje, pa hewa muzuri. Mu jiko, Mama anabaki peke yake na courant.

Munisalimie bote kule Lukafu, benye bananikumbuka na benye balinisahau juu sisemake. Musalimie na mahindi, muyaombe yakauke mbio.

Mie mutoto wenu mwenye kutii,

Plamedie

P.S. Barua hii ilingojea siku tatu muntu wa kwenda Lukafu, na mambo imegeuka. Jana mchana nilichukua pince, ile koleo ya kukatia nyaya, yenye Mardochée alisahau pa dirisha, nikapanda kiti nyuma ya frigo, na nikapiga kelele. Sijapigaka kelele vile toka nizaliwe. Mama akaruka pa dirisha: « Mardochée we! Ingia! Mutoto anakufa! » Akaingia mbio, akanikuta muzima. Mama akamuangalia mu macho, naye akamuangalia Mama, hakuna mwenye alianguka. Kiisha Mama akasema: « Kwa vile umeshaingia, maliza. » Alimaliza mbele ya jua kuzama, na akakula bukari, ugali yetu, pale pale karibu na frigo. Mama hajue kama nilikuwa nimeshazima coffret mbele ya kupanda kiti. Hiyo nawaambia ninyi tu.

Basi musivunje kintu. Papa anaomba mukuje, bila haraka, mumuingize mukwe mu jiko kwa mara ya kwanza. Mutamukuta inje, kichwa chini. Na taa ya jiko tutaizima mbele ya ninyi kufika, juu ya heshima yenu.