Masika Haya Silowi

Jumatatu, 3 Machi

Mawingu mazito tangu saa nne asubuhi. Tone hata moja halijaanguka, lakini nyumbani kwangu mvua imeshaanza.

Mke wangu ametoa amri nikiwa nakunywa chai. Amesema masika ya mwaka jana nililowa hadi nikapata nimonia, nikalazwa siku kumi na saba, na yeye hakanyagi tena wodi ile. Kwa hiyo, nikirudi nimelowa, hata mara moja tu, anachukua ufunguo wa pikipiki na mimi nakwenda kufanya kazi kwa kaka yake, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kila jioni atanipapasa mgongo mlangoni. Mgongo mkavu, napakuliwa chakula. Umelowa, ufunguo.

Nikamjibu kwa utulivu kwamba mwanamume haishi kwa kupapaswa mgongo. Akasema sawa, basi nianze kesho kwa shemeji. Nikasema nitatafuta koti la mvua.

Naandika haya kwa uchungu. Miaka kumi na moja nabeba abiria! Hakuna shimo la mji huu nisilolijua. Na shemeji yangu huyo ni mtu wa kupima misumari kwenye mizani huku amefumba jicho moja. Nikienda kwake nimekwisha.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda dukani. Muuzaji ni mama mmoja mwenye miwani na maneno mengi. Akanitolea koti na suruali yake. Akavigeuza ndani nje, akanionyesha utepe uliobandikwa juu ya mishono yote. Akasema maji hayapiti kwenye kitambaa, yanapita kwenye tundu za sindano. Halafu akataka nivae juu ya nguo zangu, nikae kwenye stuli, nikunje magoti na kunyoosha mikono kama naendesha, maana nguo inayokutosha umesimama hupanda ukikaa.

Nikamwambia sikuja kukaa, nimekuja kununua. Mtu mzima, mwenye mke, akalie stuli dukani amenyoosha mikono hewani! Watu wawili walikuwa wananitazama.

Tena koti lenyewe ni sawasawa na la Meneja. Huyu Meneja ni mwenzangu wa kijiweni. Hasimamii chochote. Jina tumempa kwa sababu mvua hata iweje, yeye hufika mkavu, nywele zimechanwa. Wateja wanampenda. Sasa mimi nimwige Meneja? Bora nilowe. (Sentensi hiyo mke wangu asiione.)

Nimenunua joho la mvua. Pana, la plastiki nene, halina mikono, unaliingiza kichwani basi. Muuzaji akasema hilo ni la watu wanaotembea kwa miguu, kwenye pikipiki ni hatari. Kwa kweli watu wengine hawaoni mbali. Joho hili linatosha watu wawili! Nitatoboa tundu la pili nyuma. Dereva mkavu, abiria mkavu, vichwa viwili, joho moja. Kijiwe kizima kitanyamaza. Meneja atakosa usingizi.

Jumatano, 5 Machi

Majaribio. Nimekaa bafuni juu ya ndoo niliyoipindua, helmeti kichwani, joho mwilini, nimeshika mpini wa ufagio kama usukani. Nikafungulia bomba la juu hadi mwisho. Dakika tano nzima. Mkavu!

Mke wangu akafungua mlango. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamjibu kwa heshima kwamba nafanya majaribio. Akasema nikifika niwasalimie, akafunga mlango.

Hana imani na sayansi. Nimekata tundu la pili kwa mkasi wa jikoni. Limekaa upande kidogo, lakini kichwa kinapita.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu nisamehe.

Mvua ilianguka saa nane mchana. Abiria wangu wa kwanza alikuwa mwenye bucha, mtu mwenye mwili wake. Alisita alipoliona joho. Nikamweleza faida. Akaingiza kichwa.

Mwanzo ulikuwa mzuri sana. Watu walisimama kandokando ya barabara wakatutazama, nikadhani wanatushangilia. Kisha upepo ukaingia kwa chini, joho likajaa. Tundu lake lilikuwa mbele mno, kwa hiyo kila nikikanyaga breki mwenye bucha alinigonga helmeti kwa paji la uso. Alikuwa anapiga kelele. Sikusikia, mvua ilikuwa kubwa.

Pindo likaingia kwenye cheni.

Likaanza kutuvuta. Sote wawili, kwa shingo, taratibu, kuelekea tairi la nyuma. Nashukuru nilikuwa natembea mwendo wa bata. Nikazima injini, tukalala mtaroni polepole, mimi, mwenye bucha na pikipiki. Hatukuumia. Lakini tulikaa ndani ya maji tumefungwa kwenye vazi moja, na ikabidi tukubaliane nani atoe kichwa kwanza.

Alisema maneno ambayo daftari hili halistahili. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba ana watoto wanne. Hilo limenikaa. Nimeomba radhi mara tatu, na za kweli.

Meneja akapita, mkavu. Akambeba mwenye bucha. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilikuwa nimelowa chapachapa, na muda wa kurudi nyumbani umefika. Nikajitupa kwa fundi cherehani, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Nikambembeleza. Akaniazima shati na suruali za mteja ambaye hajaja kuzichukua. Nikafika mlangoni kifua mbele. Mke wangu akanipapasa mgongo. Mkavu! Akaitazama suruali. Ilikuwa na mistari ya chaki na pini mbili kwenye pindo. Akaniuliza fundi hajambo. Nikasema hajambo. Akapakua chakula kimyakimya.

Hajashtuka kabisa. Nimeshinda.

Jumapili, 9 Machi

Kosa lilikuwa upana. Sasa nataka koti na suruali, lakini si vya dukani. Vya kushonesha, vya turubai, lile la kufunikia magari ya mizigo. Je, umewahi kuona turubai likipata nimonia?

Nimeshinda kwa fundi tangu asubuhi. Alisema atapiga mshono mmoja, kisha apake gundi juu yake azibe tundu. Nikamwambia mshono mmoja ni wa mapazia. Apige mitatu, sambamba, kila mahali. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema mitatu. Akaniuliza tena. Nikamwambia ashone, asinifundishe. Gundi nikaikataa, inanuka.

Kazi imetoka safi. Buluu. Ngumu. Tuliisimamisha suruali katikati ya chumba tukaiachia, ikabaki imesimama yenyewe. Fundi akarudi nyuma hatua moja.

Jumanne, 11 Machi

Sina hamu ya kuandika, ila kila kitu kiandikwe.

Mvua ya kutwa. Suruali niliichomeka ndani ya gambuti, nionekane nadhifu. Saa tatu asubuhi nikahisi ubaridi kwapani. Saa nne, mapajani. Kila tundu la sindano lilikuwa linatoa maji, na mimi nimejitobolea matundu mara tatu kwa mkono wa fundi na kwa amri yangu mwenyewe. Maji yaliingia mabegani, yakashuka mgongoni, yakafuata miguu, na kwa kuwa suruali imechomekwa, yote yakaishia ndani ya gambuti. Saa sita zilikuwa zimejaa. Nilikuwa nabadili gia kwa mguu wenye ndoo. Abiria mmoja mama akaniuliza kama sauti ile ya kububujika ni ya injini.

Jioni, kwa fundi tena. Nguo za mteja mwingine, mfupi kidogo. Nikafika. Mke wangu akanipapasa, mgongo mkavu. Akageuka kwenda kupakua.

Nikakohoa. Mara moja tu! Kikohozi kidogo, cha vumbi.

Sahani akaiweka chini. Akanivua shati, akalaza sikio lake mgongoni kwangu, akaniambia nivute pumzi. Nikavuta. Tena. Nikavuta tena. Alikaa hivyo muda mrefu hadi nikaona aibu. Kisha nikahisi mgongo unalowa na nikajua analia.

Akasema mwaka jana, pale wodini, alikaa kwenye kiti cha plastiki akihesabu kati ya pumzi yangu moja na nyingine. Mara moja alihesabu hadi tisa. Akasema tangu siku ile, kukinguruma tu, anaanza kuhesabu. Akasema suruali za fundi alizijua tangu Ijumaa, akanyamaza akidhani nitaona haya mwenyewe. Hakuwa na haja ya mgongo mkavu, alitaka mume mzima. Akaniuliza namdanganya nani.

Nampenda mwanamke huyu. Nilitaka kumwambia, nikamwambia ni vumbi.

Ufunguo umeingia kwenye pochi yake.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari amesema kifua kiko salama, ni mafua tu. Nikamwonyesha mke wangu cheti, nikitegemea ufunguo. Akanionyesha mlango wa kwa shemeji.

Siku ya pili dukani. Nimevalishwa aproni. Shemeji ni mdogo kwangu kwa miaka minne na ananiita kijana wangu mbele ya wateja. Kila pikipiki ikipita nje naitambua kwa mlio kabla haijafika. Nikisikia ya Meneja naangalia ukutani.

Mteja akauliza bati moja lipigwe misumari mingapi. Nikamshauri apige mingi iwezekanavyo, maana wingi ndio nguvu. Shemeji akaniomba nikapange ndoo nyuma.

Jumamosi, 15 Machi

Leo mke wangu kaja dukani kwa kaka yake mchana, akaniambia nivue aproni. Pikipiki ilikuwa nje. Akapanda nyuma, akaniambia twende kwa yule mama mwenye miwani.

Njiani nikapata habari kwamba amekwenda kijiweni kumwuliza Meneja namna ya kuchagua koti. Meneja! Na Meneja kaacha abiria akamweleza nusu saa nzima. Nimekunywa kikombe hicho chote.

Hakunikalisha kwenye stuli. Aliniambia nipande pikipiki palepale nje, mbele ya duka, mbele ya dunia. Koti la kwanza mikono ikapanda hadi karibu na viwiko. La pili shingo ikabaki wazi. La tatu likakaa. Suruali ikapita juu ya gambuti, si ndani. Akageuza mishono akaipitisha kidoleni mmoja mmoja akitafuta utepe. Rangi akachagua ya kijani kali ya kuumiza macho, yenye mistari inayong'aa, ili madereva wa malori wanione. Kisha akaomba jagi la maji, akanimwagia shingoni. Lote. Akaingiza mkono kwa ndani, akapapasa.

Mkavu. Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona anacheka vile.

Alilipia mwenyewe. Najua alikuwa anajiwekea akiba ya kitu kingine. Hakusema kitu gani, na mimi sikuthubutu kuuliza. Akaniwekea ufunguo kiganjani, akakikunja kiganja. Nilitaka kusema neno kubwa. Nikasema linabana kidogo kwapani. Halibani.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya ushindi.

Nimefika kijiweni asubuhi nimelivaa, jua linawaka. Wote wakanyamaza. Meneja akaja, akaushika mshono, akasema hili ni zuri kuliko lake. Nimeyaandika maneno hayo ili wajukuu wangu wayakute. Sikulivua kutwa nzima. Jasho lilinitoka, lakini nani anajali.

Saa kumi mvua ikaanguka. Mvua ya hasira, ya kutoona mbele. Lori likapita likarusha tope, likanikosa kwa shubiri moja. Moyo ukanipasuka. Nikalitazama koti langu. Nikamfikiria mke wangu, alivyojinyima. Kitu cha thamani namna hii, siku ya kwanza, kilowe? Kiingie tope?

Nikasimama kando ya barabara. Nikavua koti. Nikavua suruali yake. Nikavifuta, nikavikunja, nikavitia ndani ya mfuko wa nailoni, nikaufunga mafundo mawili, nikauweka kifuani chini ya shati ili niukinge vizuri. Halafu nimeendesha kilomita sita. Tangu nizaliwe sijaona mvua kama ile.

Naandika haya nimesimama chini ya paa la fundi, wino unatawanyika. Amenipa suruali ya mteja, nimeikataa. Leo sina cha kuficha. Naisikia nyumba yangu kutoka hapa, mke wangu anapanga sahani. Meno yananigongana kidogo, ni furaha. Nakwenda kubisha hodi. Kabla hajanipapasa nitamkabidhi mfuko, aufungue mwenyewe, aone. Koti kavu kabisa! Halina hata tone!

Atafurahi mno.