Ofisi ya Uratibu na Sahani za Pai

Jumatano, 27 Februari

Nimepata wazo. La kweli safari hii! Kamati yetu ya Huduma za Jamii ina fungu moja dogo la fedha za mji, na kila mwaka karibu lote linaishia kwenye gari la Doreen Gokey, anayewapelekea wazee chakula cha moto majumbani. Nyama, viazi, njegere. Hayo ndiyo maendeleo? Mji unahitaji Ofisi ya Uratibu. Yenye mlango, kibao mlangoni, na Mratibu ndani. Nimejitazama kwenye kioo. Mratibu kabisa.

Nikamweleza Mama. Akauliza ofisi itaratibu nini ikiwa gari la chakula halipo. Nikamwambia hayo ni mambo ya baadaye. Mchana Doreen akaleta sahani ya Mama. Mama hali sana siku hizi, kwa hiyo nikamsaidia kuimaliza, kama kawaida.

Ijumaa, 1 Machi

Tatizo: kura. Jumanne ni mkutano wa mji, kila mtu ukumbini, mkono juu au mkono chini. Wazee wote ni wa Doreen. Mimi nina binamu yangu Royce na jamaa zake wa kule mlimani.

Suluhisho: wazee wasiwepo! Nimemwendea Alcide Fecteau, Msimamizi wa mkutano, nikamwomba hoja yangu ya kuhamishia fungu kwenye Ofisi isomwe baada ya chakula cha mchana. Nikadai ni kwa heshima ya wazee, wasichoshwe na habari za fedha asubuhi. Akaiandika kwenye ratiba. Kisha nikajitolea kuendesha basi dogo la wazee siku hiyo. Wakishakula tu, nawarudisha wakalale.

Doreen alinishukuru mbele ya watu. Nusura nione haya. Nusura.

Jumapili, 3 Machi

Siri imevuja. Baada ya ibada, kwenye kahawa, Doreen kanijia taratibu na kikombe chake. Akanikumbusha jinsi alivyomkuta Mzee Hollis Bapst ameanguka jikoni Jumatatu moja ya msimu wa baridi uliopita, na kwamba bila sahani ile hakuna ambaye angefungua mlango ule hadi Jumamosi.

“Ukipata hiyo ofisi yako, Elwin,” akasema, “mchana nani atambishia hodi mama yako?”

Nikamjibu kwamba swali zuri kama hilo ndilo linalohitaji Mratibu. Akaenda kujiongezea kahawa. Nimemshinda! Royce ameapa kuja na watu kumi.

Jumanne, 5 Machi

Balaa.

Usiku kuliganda barafu, asubuhi jua likawaka. Kila mtu hapa anajua maana yake: miti ya maple inatoa utomvu, ule wa kupikia sharubati, na haungoji mtu. Kabla hata bajeti ya barabara haijaisha nikamwona Royce anavaa kofia, na watu wake kumi nyuma yake. Nikamshika mkono mlangoni.

“Utomvu unatoka leo, ndugu yangu,” akaniambia. “Ofisi yako itakuwepo hata mwakani.”

Sikukata tamaa. Chakula kilipokwisha nikawasha basi, nikawatangazia wazee kwamba safari ni sasa hivi. Hakuna aliyeinuka.

Sahani! Nilisahau sahani! Kila nyumba huleta pai kwenye sahani yake, jina limebandikwa chini, na tangu mji huu uwe mji hakuna mtu aliyeondoka kabla sahani yake haijawa tupu na kuoshwa. Nimelijua hili tangu natambaa. Na pale mezani pai zilikuwa bado zimejaa tele.

Nikamsihi Mzee Hollis aje tu, sahani nitamletea kesho. Akakunja mikono.

“Ile ni ya marehemu mke wangu, kijana. Siiachi.”

Ikabaki njia moja. Nikala. Pai ya tufaha. Ya malenge. Ya zabibu kavu, ambayo hakuna mtu mwenye akili anayeigusa. Kina mama walifurahi mno, wakanizunguka, wakaniongezea na krimu, wakaniambia kula mwanangu, usione haya. Nilipofika kwenye ya Mzee Hollis sikuiona meza vizuri.

Alcide alipoita jina langu nilikuwa msalani, nimepiga magoti. Nikamsikia kupitia ukutani akiita mara ya pili. Mara ya tatu. Hoja isiyo na mwenyewe haisomwi. Kisha nikasikia sauti ya Mama! Anapendekeza fungu la chakula libaki kama lilivyo, na kwamba yule aliyejitolea kuendesha basi apewe na zamu za kupeleka chakula, kwa kuwa leo ameonyesha moyo. Mikono yote juu. Makofi.

Mama yangu mzazi.

Jumatano, 6 Machi

Nimelala kutwa. Doreen kaleta sahani ya Mama, na chupa ya chai ya tangawizi kwa ajili yangu. Hakunisimanga hata kidogo, jambo lililoniudhi sana. Akasema tu zamu yangu inaanza kesho asubuhi, naanzia kwa Mzee Hollis, na nisiwe mwepesi kuondoka maana hupenda kuongea.

Nimelitafakari suala lote kwa utulivu. Mpango ulikuwa mzuri. Kosa ni la pai. Mwakani nitaleta hoja ya kupiga marufuku sahani za nyumbani, zitumike za karatasi tu, na itabidi iundwe Kamati ya Sahani. Yenye Mwenyekiti. Nimejitazama kwenye kioo. Bado rangi haijarudi, lakini Mwenyekiti kabisa.

Mama kala vijiko viwili, akanisogezea sahani. Nyama, viazi, njegere, vyote bado vya moto. Nikamsaidia. Mpaka leo sielewi fedha za mji huu zinamfaidisha nani, ila viazi vilikuwa vitamu.