Friji Kwenye Chumba cha Kukatia

Jumatatu, tarehe 4

Siku kubwa! Mkurugenzi ametukusanya uani kabla mashine hazijawashwa. Mnunuzi wetu wa ng'ambo hataki tena mashati yetu mpaka tuonyeshe kwamba tunapunguza matumizi ya umeme. Kwa hiyo kiwanda kinatafuta Afisa Uendelevu, na atatoka miongoni mwetu. Atapewa meza ya dirishani na dakika tano za kuhutubia kila Jumatatu.

Dakika tano! Miaka kumi na tisa nimekata vitambaa humu, na miaka kumi na tisa nimekuwa na mengi ya kusema. Nimewaandikia wahariri barua arobaini na moja kuhusu tabianchi. Wamechapa mbili, moja wakaikata kichwa na miguu. Nani mwingine humu anaweza kueleza kwa nini msitu wa maskini unahesabiwa kuwa pafu la tajiri? Hakuna. Kazi hii ilizaliwa ikiwa na jina langu.

Utaratibu ni huu: kila chumba kimewekewa mita. Wiki hii tunapimwa tulivyo. Wiki ijayo tunapimwa tena, kisha tarehe 18 mkaguzi wa mnunuzi aje kusoma namba. Mkuu wa chumba kitakachopunguza zaidi ndiye afisa.

Mimi ni mkuu wa chumba cha kukatia, na mpinzani ni mmoja tu, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mkuu wa chumba cha pasi. Ana pasi kumi na mbili. Zinakula umeme kama nzige shambani. Nimemhurumia, nikamwambia asijisumbue. Akanijibu kwamba ahsante shemeji, ila nijihadhari nisije nikaihutubia mita mpaka ikasinzia.

Jumanne, tarehe 5

Nimeamka na jibu. Anayetaka kupungua sharti kwanza anenepe!

Sikulibuni mimi. Someni mikataba ya tabianchi, enyi wavivu. Ugomvi mzima ni juu ya mwaka wa kuanzia kuhesabu. Waliochoma makaa ya mawe kwa karne mbili huchagua mwaka waliofuka moshi kuliko yote, kisha wakishuka kidogo wanapigiwa makofi. Nimewalaani kwa barua kumi na nne. Lakini mbinu ni mbinu. Upanga wa adui nao hukata.

Basi wiki hii chumba changu kitanenepa. Nimewasha taa zote nane jua likiwa utosini. Mapangaboi yote manne yanazungusha upepo. Mashine ya kukatia imenguruma bila kitambaa muda wote wa chai. Mita imekimbia kama mtu aliyekanyaga siafu.

Fundi umeme amepita, akauliza kama kuna kitu kimepotea hata nahitaji mwanga wote huu. Nimemjibu kwamba natafuta ukweli. Akaondoka akitikisa kichwa. Ndivyo walivyo mafundi, hawana falsafa.

Jumatano, tarehe 6

Haitoshi. Nimesoma mita ya chumba cha pasi, bado wamenizidi kwa unene. Pasi kumi na mbili si mchezo.

Nimekumbuka friji letu la zamani. Limesimama ukumbini miaka sita, mke wangu anahifadhia humo viatu na vitunguu. Likiwashwa hutetemeka kama mgonjwa wa homa, na hula umeme kwa pupa ya ajabu. Nimemwambia mke wangu nalipeleka kutengenezwa. Ameshukuru Mungu kwa sauti, akanishikia mlango. Sijawahi kusukuma mkokoteni kwa furaha kiasi kile.

Saa nne friji lilikuwa kwenye kona yangu, linanguruma, mlango wazi.

Shemeji akachungulia. Akaita wenzake wa pasi waje waone. Akauliza kama chumba cha kukatia kinaolewa, maana anaona kimeanza kuletewa vyombo. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikawaambia ni utafiti. Akasema sawa, ila utafiti wangu unanuka vitunguu.

Acheke leo. Siku si nyingi atanisikiliza dakika tano.

Alhamisi, tarehe 7

Ajali ndogo ya kisayansi. Saa tatu na nusu niliongeza birika la umeme. Pakasikika mlio, pu! Kiwanda kizima kikanyamaza.

Fundi akaja mbio. Fyuzi kuu imeungua, na nyingine itapatikana jioni. Mkurugenzi akauliza ni nani. Fundi alitazama friji tu. Mkurugenzi alikuwa amekwisha vuta pumzi ya kunifukuza, shemeji akajitosa katikati. Akamwomba anisamehe, kwamba mimi ni mzigo wa dada yake, na yeye ameahidi nyumbani kwamba atanilea. Sikuipenda hoja. Mkurugenzi akapumua.

Chumba cha pasi hakina kazi bila umeme, na mashati mia tatu yanangoja kunyooshwa. Shemeji akaniomba zile mbao ndefu ninazotandazia vitambaa. Nikampa. Mkubwa hushinda kwa ukarimu. Yeye na wenzake wakanyunyizia mashati maji, wakayakunja vizuri, wakayapanga baina ya mbao, wakataka na kitu kizito juu. Nikawabebea majora saba ya kitambaa, mimi mwenyewe, kwa bega langu. Alisema bibi yao alinyoosha nguo hivyo, chini ya godoro.

Michezo ya wanawake. Lakini nimefurahi kusaidia.

Ijumaa, tarehe 8

Umeme umerudi. Mashati ya shemeji yametoka yamenyooka kama kioo! Zimebaki kola na ncha za mikono tu za kupitishia pasi. Wamewasha pasi tano badala ya kumi na mbili, na jioni wamepanga mengine chini ya mbao zangu.

Nimesoma mita yake. Imeshuka karibu nusu. Nikacheka mpaka machozi. Masikini wa Mungu! Amepunguza wiki ya kwanza! Wiki ijayo atashuka kutoka wapi? Mimi niko kileleni, naangalia bonde.

Nimemweleza mke wangu jambo hili tangu chai mpaka chakula. Alikuwa akimenya viazi. Akauliza, je, kama hakuna wiki ijayo? Nikamwambia swali lake halina msingi wa kinadharia. Akasema sawa baba, sogea nipitishe sufuria.

Jumamosi, tarehe 9

Mkaguzi wa mnunuzi amefika, siku tisa kabla ya wakati. Mwanamke mwembamba, daftari mkononi, macho kama sindano.

Mkurugenzi akamsihi angoje wiki ijayo iishe. Akakataa. Akasema kiwanda kinachojua siku ya kupimwa ni kama mtoto anayejua siku ya kuogeshwa. Anataka namba za kila siku za wiki hii, na hizo tu. Kisha akaingia chumbani kwangu.

Akatazama taa. Akatazama mapangaboi. Akachungulia ndani ya friji, akakuta kitunguu kimoja na kiatu cha kushoto. Akauliza kazi yake nini.

Nikamweleza. Sikuficha neno. Kanuni ya kunenepa, mwaka wa kuanzia, makaa ya mawe, unafiki wa mataifa. Dakika ishirini na tano! Aliandika yote. Hakuna mhariri aliyewahi kunisikiliza vile. Mwisho akaniambia kwamba miaka kumi na mbili ya ukaguzi ameona makampuni makubwa yakifanya jambo hili, ila hajawahi kukutana na mtu aliyemweleza waziwazi.

Hiyo ni sifa. Nimelala mchana kwa raha.

Jumatatu, tarehe 11

Shemeji ndiye afisa.

Amepewa meza na dirisha. Kati ya dakika tano ametumia moja na nusu! Nyingine zote zimekwenda bure, uendelevu gani huo? Amesema kisichotumika kizimwe, mashati yalazwe chini ya mbao, na friji liondoke. Wamepiga makofi. Nami nilipiga, bega bado linaniuma kwa yale majora. Mafanikio yale ni nusu yangu. Bila mimi umeme usingekatika.

Mke wangu hataki friji lirudi. Ameweka kiti pale ukumbini, anakaa, anatabasamu.

Nami sina kinyongo. Taarifa ya mkaguzi imekuja, na maneno yangu yamejaza ukurasa wa tatu, mzima, bila kukatwa hata nukta. Yako chini ya kichwa "Mambo ya Kuepuka", lakini yako. Nimeubandika ukutani.

Tena nina cheo! Shemeji amenifanya msaidizi wake upande wa maji. Akasema afadhali niwe mahali anaponiona. Mwezi ujao vyumba vitapimwa maji, na tarehe haitatajwa ili asije akatokea mjanja.

Tarehe haitajwi? Basi mwenye akili hujiandaa kila siku. Chumba changu kina bomba moja tu, nimelifungua tangu saa nane. Fundi nimemwagiza aniongezee la pili.