Karakana Kwenye Mto Mkavu

Jumatatu, 3 Machi
Leo akili imefunguka! Karakana yangu ni kijumba cha uani. Nikipiga randa, mguu mmoja unabaki nje. Sasa nimepewa kazi ya madawati thelathini ya shule, na mwalimu mkuu anayataka Jumatatu ijayo. Darasa la kwanza wanakaa sakafuni. Nitayaweka wapi? Nyuma ya uzio! Mto mkavu. Mchanga tambarare, kivuli, hakuna mwenyewe. Miezi saba hata tone. Mke wangu kaniuliza kama mimi ni mzima. Nikamjibu kwamba wenye maono huulizwa hivyo kila siku.

Jumanne, 4 Machi
Nimehama. Benchi, misumeno, mbao zote, zimeshakatwa kwa vipimo. Fundi Msumari, seremala wa ng'ambo ya barabara, kaja kuchungulia. Yeye naye aliitaka kazi ya madawati, akaikosa. Akasema hapa ni njia ya maji. Nikamuuliza maji yenyewe yako wapi. Akaondoka anatikisa kichwa. Kijicho kitupu!

Jumatano, 5 Machi
Amekuja shemeji, dada yake mke wangu. Kazi yake ni kupima mto: kila asubuhi anasoma nguzo yenye alama pale darajani, kwenye kona ya chini. Akaokota kipande cha ubao wangu akachora mchangani. Vilima vile vya mbali. Vijito huku, vijito kule, kimoja kinaingia kingine, mwisho vyote vinapita hapa nilipoweka benchi. Bonde zima, mwendo wa siku mbili kwa miguu, linamwaga maji yake njia hii moja.
“Shemeji,” akasema, “umefungua karakana ndani ya bomba.”
Nikamwambia asijali, nikiona wingu nahama. Akasema si lazima mvua inyeshe hapa. Maneno ya ofisini hayo.

Ijumaa, 7 Machi
Dawati la thelathini! Yote yamepangwa mstari, vanishi inang'aa. Mwalimu mkuu kaja kuyaona. Akapitisha kiganja juu ya moja, akasema watoto watadhani wamehamishwa shule. Kule vilimani kulikuwa na weusi weusi. Huku kwangu jua kali. Safi kabisa kwa vanishi.

Jumamosi, 8 Machi
Sijui nianzie wapi. Saa nne asubuhi. Anga jeupe, jua linachoma. Nikasikia ngurumo, nikadhani lori. Kumbe! Ulimi wa maji ya kahawia ukaja taratibu kwenye kona ya juu, mbele yake povu, majani makavu na kandambili moja. Ukanifika vifundoni. Nikacheka. Sijamaliza kucheka, uko magotini. Nikadaka madawati mawili, mto ukadaka ishirini na nane. Yakaondoka kwa mstari, kama wanafunzi wanaotoka gwaride. Mke wangu alinivuta kwa ukosi wa shati mpaka ukingoni. Nikakaa chini nikalia, mtu mzima. Hakusema nilikuonya. Afadhali angesema.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji ameniita darajani. Madawati ishirini na sita yamenasa konani, kwenye matete! Fundi Msumari yumo majini mpaka kiunoni, anayapokea moja moja. Nikamwambia asante. Akasema watoto hawana kosa.
Shemeji kanieleza kwamba kila kinachoanguka bondeni, tone au dawati, lazima kipite hapa. Nikauliza maji yenyewe yanakwenda wapi. Baharini, akasema. Huko jua linayapandisha kwa mvuke, yanakuwa mawingu, upepo unayasukuma vilimani, yananyesha, yanashuka tena.
“Yanarudi, shemeji. Umenisikia? Yanarudi.”
Nimemsikia.

Jumatano, 12 Machi
Juzi tulipeleka ishirini na nane, yenye harufu ya tope lakini imara. Mawili yaliyopotea, Fundi Msumari alitoa mbao zake, tukayaunga pamoja leo kwenye kibanda chake. Anapiga randa vizuri, sikatai. Darasa zima limekaa juu. Mwalimu mkuu alitushika mikono wote wawili kwa pamoja, hakutuachia haraka.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeyafikiria sana maelezo ya shemeji. Maji yangu yameshapita. Sasa mpaka yafike baharini, yapande, yawe mawingu, yapate upepo wa kuja huku, yapande vilima vyote vile… Miaka miwili, kwa haraka sana! Na mto umekauka tena, umeniachia mchanga mpya, laini, tambarare kuliko ule wa kwanza. Nimemwambia Fundi Msumari kuna nafasi ya mabenchi mawili. Kasema ana kazi. Basi, nitamwekea sehemu yake. Shemeji sijamwambia. Kesho asubuhi nahama.